Kupima ukuaji wa miti na kurekodi spishi mpya katika msitu ulio karibu nawe

Mti namba 47 katika ploti yetu, kipande cha msitu tulichokitenga kwa vipimo, ulikaa miaka minne bila jina. Kila mwaka, mwezi wa pili, tulikuwa tunafika, tunaupima, tunaandika mzingo wake, na kwenye safu ya jina tunaweka alama ya kuuliza. Majani tulikuwa nayo tele, lakini majani peke yake hayakutosha kuutenganisha na ndugu zake. Mwaka wa nne tukakuta maua meupe madogo yametapakaa juu ya majani makavu chini ya shina. Kielelezo tulichochukua asubuhi ile, yaani tawi la kukaushwa na kuhifadhiwa, ndicho kilichoupatia jina. Haukuwa mpya kwa sayansi. Ulikuwa mpya kwa orodha ya msitu wetu, na hilo nalo ni jambo la kuandikwa.

Nimeanza na mti huo kwa sababu wengi wanadhani kupima ukuaji wa mimea ni kazi ya mabwana misitu, na kutafuta spishi mpya ni kazi ya maprofesa wanaokuja na magari. Kwa jinsi nilivyoona katika misitu ya Usambara Mashariki, ni kazi moja. Anayerudi kupima ndiye anayekuwepo siku ua linapofunguka. Mtafiti wa mbali ana wiki mbili, na mti hauna habari na ratiba yake. Wewe unayekaa jirani na msitu una mwaka mzima. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako: mwanafunzi, mlinzi wa msitu wa kijiji, mwalimu wa baiolojia, au mtu tu anayeipenda mimea na yuko tayari kuifuatilia.

Jua kwanza "mpya" maana yake nini

Neno hili linachanganya watu, hata waandishi wa habari. Kuna mmea ulio mpya kwa sayansi, yaani haujawahi kuelezwa na kupewa jina mahali popote duniani. Kuna mmea unaojulikana kwingine lakini unaonekana nchini kwa mara ya kwanza. Na kuna ule unaojulikana nchini, ila haukuwahi kurekodiwa katika mlima, wilaya au msitu fulani. Aina ya tatu ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi, na usiidharau. Hiyo ndiyo inayoonyesha mmea umeenea hadi wapi, na bila hiyo hakuna anayeweza kusema kwa haki kama uko hatarini.

Tena rekodi mpya si lazima iwe habari njema. Gugu karoti, lile lenye maua meupe madogo linalowasha ngozi na kuharibu malisho, ni mgeni kutoka Amerika. Mtu anayeliona kwa mara ya kwanza kando ya barabara ya kijiji chake, akachukua kielelezo na kutoa taarifa mapema, amefanya kazi kubwa kuliko aliyepiga picha okidi nzuri akaenda nayo nyumbani.

Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, Udzungwa hadi Mahenge, bado inatoa mimea mipya kwa sayansi hadi leo. Mwaka 2025 ulitangazwa mti mkubwa wa Udzungwa uitwao Tessmannia princeps, unaofikia mita 40. Si kichaka kilichojificha kwenye majani. Ni mti ambao watu wamepita chini yake vizazi na vizazi, ndani ya misitu ya hifadhi ya vijiji ya Uluti na Boma la Mzinga. Walioukuta mwaka 2019 ni pamoja na wataalamu wa mimea Watanzania, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma. Aloyce aliutambua kuwa ni wa familia ya mikunde kwa kuyatazama majani, akaona pia kwamba spishi yenyewe haijui. Kusema "hii siijui" kwa uhakika ni ujuzi wa miaka mingi.

Hatua ya kwanza: kibali kabla ya panga

Usiingie msituni na mkasi ukidhani nia njema inatosha. Kwa Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukienda kwenye hifadhi ya msitu wa asilia kama Amani utahitaji ruhusa ya TFS, wakala wa misitu, na kwenye hifadhi za taifa kuna taratibu za TAWIRI (utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (hifadhi za taifa). Kwa Kenya, leseni ni ya NACOSTI, tume ya sayansi, halafu KWS (wanyamapori) au KFS (misitu) kulingana na mahali. Msitu wa kijiji una wenyewe: serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Katika makaya ya Mijikenda, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, nenda kwa wazee wa kaya kwanza, uambiwe ni wapi pa kukanyaga na ni wapi hapakanyagwi, na uyashike hayo. Misitu hiyo midogo imesimama kwa sababu ya miiko yao, na mwaka 2022 ilitajwa katika kuelezwa kwa jenasi (kundi la spishi ndugu) mpya nzima ya familia ya mtopetope, Lukea, inayopatikana pwani ya Kenya na Tanzania.

Mwambie kila mtu unachofanya, kwa lugha wanayoielewa. Ukiulizwa "mnatafuta madini?", usichukie. Watu wameona wageni wengi wakipima ardhi yao. Fungua daftari waone.

Kusafirisha vielelezo nje ya nchi ni suala jingine lenye vibali vyake. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, vivyo hivyo na karibu jamii zote za shubiri mwitu. Usivuke nazo mpaka, hata kipande.

Hatua ya pili: weka ploti na uifanye iweze kupatikana tena

Anza na eneo dogo unaloweza kulimudu. Ploti ya mita 20 kwa 50 inatosha kwa watu watatu. Watafiti wengi wa misitu ya mvua hutumia hekta nzima na kupima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na kuendelea, lakini hekta iliyopimwa mara moja na kuachwa haina faida kuliko robo hekta iliyopimwa miaka kumi.

Kwenye miteremko ya Usambara kuna kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza: kulaza futi ya kupimia juu ya ardhi. Ukilaza mita 100 kwenye mteremko wa nyuzi 30, kwenye ramani umepata kama mita 87 tu, na ploti yako ni ndogo kuliko unavyofikiri. Vuta futi ikiwa mlalo, vipande vifupi vifupi vya mita tano, na ushushe kamba yenye uzito mwishoni ili ujue nukta ilipo ardhini.

Pigilia nguzo kwenye pembe za ploti. Chuma kinaibiwa, tumia bomba la plastiki lililojazwa zege, au jiwe kubwa lililochorwa rangi. Chukua nukta za GPS za kila pembe na uziandike kwa desimali, tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu moja tu baada ya nukta inakuweka ndani ya duara la kilomita kadhaa, na huwezi kuupata mti humo.

Hatua ya tatu: pima shina pale pale, mwezi ule ule

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vipimo vingi nilivyoviona vikitupwa viliharibika kwenye hatua hii.

Kipenyo cha mti hupimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Kata fito ya urefu huo uwe nayo kila siku. Usikisie kwa kifua chako, maana vifua vya watu havilingani. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa mti. Mti ulioinama, pima mita 1.3 ukifuata shina upande ule unaolalia. Kama mizizi imepanda juu ya shina kama kuta, panda hadi nusu mita juu ya pale kuta zinapoishia, upime hapo, na uandike urefu wa mahali ulipopimia. Asiyeandika urefu huo amemwachia fumbo atakayemfuata.

Inua mitambazo ili futi ipite chini yake. Usiikate. Kangua ukoga mzito kwa mkono, si kwa panga. Zungusha futi ya chuma au ya nailoni isiyovutika. Futi ya fundi cherehani ikishalowa inarefuka, na ukuaji unaoutafuta ni wa milimita.

Hesabu ni nyepesi. Mzingo gawanya kwa 3.1416 unapata kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 94.2 una kipenyo cha sentimita 30.0. Mwaka unaofuata ukikuta 95.1, kipenyo kimefika 30.3: mti umeongezeka milimita tatu kwa mwaka. Sasa fikiria umeshusha futi sentimita kumi chini ya pale ulipopima mwanzo, ambapo shina ni nene kidogo. Kosa hilo peke yake litazidi ukuaji wa miaka mitatu. Ndiyo maana tunachora mstari mwembamba wa rangi kwenye mita 1.3, tunapigilia kibati cha namba sentimita 30 juu ya mstari, na tunatumia msumari wa aluminiamu ulioachwa nje nusu, ili mti upate nafasi ya kunenepa bila kukimeza kibati. Ukipigilia msumari kwenye mstari wenyewe, gome litavimba hapo na kipimo kitadanganya milele.

Mwezi nao una maana. Shina hunywa maji na kuvimba wakati wa masika, husinyaa kiangazi. Sisi tulichagua mwezi wa pili kwa kuwa njia zinapitika na miti mingi ya kwetu huchanua kabla ya mvua kubwa. Wewe chagua wako, lakini ukishauchagua usiuhame.

Mti usiokua, au uliorudi nyuma kwa milimita moja, uandike hivyo hivyo. Usisahihishe kwa kuona haya. Miti mingi ya kivulini inaweza kukaa miaka bila kunenepa, ikisubiri jirani aanguke. Kwa ile Tessmannia ya Udzungwa, wataalamu walizitazama pete za mbao zilizobanana sana wakakadiria kwamba miti mikubwa zaidi ina umri wa miaka 2,000 hadi 3,000. Mti wa namna hiyo ukikatwa, hakuna mpango wa kupanda utakaourudisha katika maisha ya yeyote anayesoma hapa.

Kwa urefu, kama huna kifaa, chukua fito iliyo sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako mkono ukiwa umenyooshwa. Ishike wima, urudi nyuma hadi fito ifunike mti kutoka shina hadi kilele. Umbali wako na mti ni takribani urefu wa mti. Inafanya kazi mahali tambarare tu.

Miche isisahaulike. Ndani ya ploti tenga vijiploti vya mita moja kwa moja, funga uzi wa rangi kwenye kila mche, hesabu majani, pima urefu hadi kwenye chipukizi la juu. Ukikuta miti mama kumi na hakuna mche hata mmoja, hiyo ni taarifa nzito.

Hatua ya nne: fuatilia maua

Kila unapopita, hata kama si mwezi wa kupima, tazama juu na uandike: machipukizi, maua, matunda mabichi, matunda mabivu, majani yanayopukutika. Alama za X kwenye jedwali zinatosha. Baada ya miaka miwili utajua ni lini umtafute nani.

Na uliza. Kuhusu mti namba 47, mzee mmoja mpasua mbao wa zamani alikuwa ameniambia tangu mwaka wa kwanza: "Mwanangu, huo hauchanui kila mwaka. Ukiona nyuki wanapita juu kwa juu mwezi wa pili, ndiyo umechanua." Niliandika maneno yake pembeni ya daftari bila kuyapa uzito. Siku ile ya maua nilisikia mvumo wa nyuki kabla sijaona ua hata moja.

Majina ya kienyeji yaandike pamoja na lugha yake: Kisambaa, Kibondei, Kizigua, chochote kile. Uliza watu wawili au watatu, kila mmoja kwa wakati wake, usiwaweke pamoja wakakubaliana. Kumbuka jina moja laweza kubeba spishi nyingi. Tunasema mchicha na mgunga kana kwamba ni mmea mmoja mmoja, kumbe ni koo nzima.

Hatua ya tano: chukua kielelezo kamili

Kielelezo kinachofaa kina ua au tunda, au vyote viwili. Tawi la majani matupu litalala kwenye rafu miaka hamsini na alama ya kuuliza. Kabla ya kukata, hesabu mimea uliyo nayo mbele yako. Kanuni ninayoifuata ni kutochukua zaidi ya mmea mmoja kwa kila 20 ninayoiona, na kama iko michache, nakata kijitawi kimoja, napiga picha nyingi, naondoka. Using'oe mmea wa kudumu mzima kwa ajili ya karatasi.

Piga picha kwanza: mti mzima, shina, jani upande wa juu na wa chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, ua lililopasuliwa katikati kwa wembe, tunda lililokatwa. Weka rula ndani ya picha.

Maua yaliyo juu sana yanafikiwa kwa mkasi uliofungwa kwenye fito ndefu. Ukikosa, manati inasaidia: rusha uzi wa kuvulia samaki wenye kijiwe upite juu ya tawi jembamba, vuta kamba nene kwa kutumia huo uzi, kisha vuta tawi. Waambie wenzako wasogee.

Kata vipande vitatu hadi vitano vya tawi hilo hilo. Kimoja kibaki nchini katika hifadhi ya taifa ya mimea mikavu, kingine kiende chuo kikuu, vingine kwa wataalamu wa familia hiyo. Vyote vibebe namba moja. Namba ni zako maisha yako yote: unaanza na 1, na hutarudia kamwe.

Halafu kaa chini uandike pale pale, mmea ukiwa mbichi, yale ambayo ukaushaji utayafuta. Rangi ya ua, maana meupe yatakuwa kahawia. Harufu. Utomvu: upo au haupo, mweupe kama maziwa, mwekundu, wa njano, unabadilika rangi baada ya dakika chache? Gome la nje, na ukikwaruza kidogo, la ndani. Urefu wa mti na kipenyo chake. Udongo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, mteremko unaelekea wapi, miti gani jirani, kivuli au jua. Mahali uandike kwa maneno pia, si GPS tu: "juu ya kijito, mwendo wa dakika 40 kwa miguu kutoka njia ya Zigi kwenda Amani." Betri hufa, sentensi haifi. Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutiririka mvua ikinyesha.

Hatua ya sita: banika, kausha, badilisha magazeti

Presi ya mimea ni mbao mbili za fito zilizopishanishwa na mikanda miwili. Ndani weka maboksi yaliyokatwa, karatasi za kunyonya maji, na magazeti. Karatasi ya hebariamu, yaani hifadhi ya mimea mikavu, ni takribani sentimita 42 kwa 28, karibu sawa na ukurasa wa gazeti dogo la kwetu, kwa hiyo kielelezo kisitoke nje ya gazeti lililokunjwa. Tawi refu likunje kama herufi V au N, usikate ncha. Geuza jani moja au mawili lionyeshe upande wa chini. Andika namba kwenye gazeti lenyewe.

Kisha badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo. Mwaka wangu wa kwanza niliacha furushi la vielelezo 22 ndani ya hema siku tatu, mvua ikinyesha, nikiwa nimechoka. Nilipofungua, ukungu mweupe ulikuwa umeunganisha karatasi na majani, na majani yamepukutika kutoka kwenye vijiti vyake. Miongoni mwao kulikuwa na mmea ambao sijauona tena ukiwa na tunda. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Jua la kukaushia si la kulitegemea. Weka presi juu ya jiko la mkaa lililopungua moto, kwa umbali, hewa ya uvuguvugu ipite kati ya maboksi. Ukishindwa kuvumilia kuweka kiganja chako hapo, mimea inapikika.

Ukiwa mbali na moto, funga magazeti yenye vielelezo kwenye mfuko mzito wa plastiki, mwagia spiriti hadi karatasi zilowe, ziba kabisa. Vitakaa wiki kadhaa bila kuoza, ukavikausha ukirudi. Rangi zitapotea na majani yatakuwa meusi, lakini umbo litabaki. Kabla ya spiriti toa kipande cha jani changa, ukubwa wa kiberiti, ukitie kwenye kifuko chenye chembe za silika, zile zinazowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Hicho ni kwa ajili ya DNA, na spiriti ya dukani huiharibu.

Mimea minene yenye maji, kama shubiri na minyaa, haifi kirahisi ndani ya presi. Itaendelea kuchipua kwenye gazeti. Ichovye kwanza kwenye maji yanayochemka. Vielelezo vikikauka, viweke kwenye friza wiki moja ndani ya plastiki ili wadudu wafe, ndipo viingie kwenye rafu pamoja na vingine.

Hatua ya saba: tafuta jina

Usianze na intaneti. Anza na familia, kwa kuangalia majani yamekaaje, yana vijalizo (vijani vidogo kwenye kitako cha jani) au hayana, utomvu, petali ngapi, ovari (kifuko cha mbegu changa ndani ya ua) iko wapi. Kisha tumia ufunguo wa utambuzi, ule unaokupa njia mbili mbili za kuchagua, hadi ufike kwenye spishi.

Kitabu mama cha eneo letu ni Flora of Tropical East Africa, kinachohusu Kenya, Tanzania na Uganda. Kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kikiwa na spishi 12,104. Kinagawa nchi hizi katika kanda: T3 ni Tanga pamoja na Usambara na Pare, T6 ina Morogoro, T8 ni kusini, K7 ni pwani ya Kenya. Ukikuta mmea wako umeandikwa T6 na T7 tu, nawe umeutoa Muheza, simama hapo: huenda una rekodi mpya ya T3. Kagua kwanza kwenye tovuti za kumbukumbu za mimea, Plants of the World Online na GBIF, kama kuna aliyekutangulia baada ya kitabu kufungwa.

Jina ulilolizoea likikataa kuonekana, pengine limehamishwa. Urujuani wa Usambara, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilituma Ulaya kutoka Tanga mwaka 1892 na sasa liko kwenye madirisha ya dunia nzima, liliitwa Saintpaulia zaidi ya karne moja. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza ndani ya Streptocarpus. Kwa hiyo kwenye lebo acha nafasi ya kubandika majina ya baadaye, na usifute la zamani.

Baada ya hapo peleka kielelezo hebariamu ukakilinganishe na vilivyopo, ana kwa ana. Ile ya Afrika Mashariki iko Nairobi, ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mizizi yake ni kwetu Amani, kwenye taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kabla vielelezo havijahamishiwa Nairobi. Tanzania ina hebariamu ya taifa Arusha na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya Uganda iko Makerere. Ya Kongo iko Yangambi. Andika barua kabla, uende na vielelezo vilivyokwisha kaushwa na kugandishwa, na umsikilize mhudumu wa rafu. Watu hao wamefungua makabati elfu kadhaa.

Hatua ya nane: kama haupatikani popote

Hapo tulia. Mara nyingi mmea "mpya" ni mmea wa zamani uliokulia kivulini au ulioliwa na wadudu. Rudi ukaukusanye tena kwa msimu mwingine, ua na tunda. Tafuta mingine walau mitatu. Ndipo umwandikie mtaalamu wa jenasi husika, ukiambatanisha picha na namba ya kielelezo.

Ili jina jipya likubalike chini ya kanuni za kimataifa za majina ya mimea, lazima litangazwe kwenye chapisho linalotambulika, liwe na maelezo au tofauti zilizoandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na lifungwe kwenye kielelezo kimoja maalumu, holotaipu, kilichowekwa katika hebariamu inayotajwa. Tangu 2012 chapisho la kielektroniki linakubalika. Kiswahili bado hakikubaliki kwa sehemu hiyo, jambo linalonisikitisha, lakini hakuna kinachokuzuia kudai muhtasari wa Kiswahili kwenye makala hiyo hiyo. Uudai. Na udai jina lako kati ya waandishi kama kazi ya uwandani ni yako. Shukrani za mstari mmoja mwishoni hazilingani na miaka minne ya kupanda mlima.

Jina lenyewe laweza kutoka mahali, kama usambarensis au taitensis, au kwa mtu. Mischogyne iddii, mti wa Usambara, umepewa jina la Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa Amani. Ni heshima iliyomfikia mtu anayekaa na msitu.

Makala hiyo iseme pia mti uko hatarini kiasi gani, na hapo ndipo daftari la ukuaji linapohitajika: mingapi, mikubwa kwa midogo, miche ipo, inakua kwa kasi gani. Karomia gigas ulikusanywa pwani ya Kenya mwaka 1977 na mti huo ukakatwa miaka michache baadaye. Ukadhaniwa umetoweka, hadi ulipoonekana tena kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa. Iliyopatikana ni michache mno, na kila mmoja wao sasa unahesabika.

Mahali pa mimea adimu usipatangaze. Kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, ficha nukta kamili, hasa kwa okidi na shubiri, kwa sababu wanaozing'oa kuuza nao wanasoma.

Ukimaliza, chapisha orodha kwa majina ya kienyeji na ya kisayansi, nakala moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja kwa wazee waliokupa majina. Wasomee kwa sauti, wakusahihishe tahajia.

Na mwezi ule ule wa mwaka unaofuata, rudi na fito yako ya mita 1.3. Ukifika kwenye mti usio na jina, pima kwanza, andika namba, ndipo uinue uso kutazama matawi.